Simu ya 116 na ofisi zinazoifuata: huduma kwa watoto waliolanguliwa, nilivyoiona Pwani

Huduma ninayoiandika hapa haina mlango mmoja. Inaanza kwa simu ya bure ya 116, inapita kwa afisa wa watoto, polisi, hospitali, makao ya usalama na mahakama, na inaishia nyumbani na shuleni kwa mtoto. Ni ya watoto waliolanguliwa wakauzwa kwa ngono. Nimeitumia huku Pwani ya Kenya nikiwa mjitoleaji wa ulinzi wa watoto katika mtaa wetu, na pia nikiwa mwanamke mwenye meza ya mahamri na mbaazi kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Uamuzi wangu nautoa mapema, ili asiye na muda asome hapa aende zake: simu ni nzuri, piga. Wengi wa wanaofanya kazi katika ofisi hizo ni watu wema na wanajua kazi yao. Kinachomwangusha mtoto ni ile nafasi kati ya ofisi moja na nyingine, ambapo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumsindikiza.

Nimebadilisha baadhi ya mambo ili mtoto ninayemsimulia hapa asitambulike, na sitaji mji, kituo cha polisi wala hospitali. Mtoto huyo ana haki ya kupita barabarani bila kunyooshewa kidole, na haki hiyo ni kubwa kuliko hamu yetu ya kujua ni nani.

Huenda mtu akauliza muuza mahamri anajuaje mambo haya. Saa kumi na moja alfajiri karai langu liko motoni. Wateja wa kwanza ni walinzi wanaotoka zamu, makondakta wa matatu, wavuvi, na wale wanaotoka katika nyumba za kulala wageni zilizo nyuma ya stendi. Ukikaa mahali hapo miaka, macho yanazoea, na kisichokuwa cha kawaida unakiona. Msichana wa umri wa darasa la saba ananunua mahamri ya watu wanne siku ya shule. Hana simu. Pesa amepewa kamili na chenji inahesabiwa akirudi. Ukimuuliza jina, anamtazama kwanza mwanamke aliyesimama ng'ambo ya barabara, yule anayemwita shangazi. Wiki hii ana jina hili, wiki ijayo ana jingine. Na anakwambia ana miaka 19 kabla hujamuuliza umri wake. Hilo la mwisho ndilo lililonipa baridi, kwa sababu mtoto hasemi hivyo mpaka awe amefundishwa kusema.

Dalili moja peke yake haimaanishi kitu. Zikija pamoja, usingoje uthibitisho, maana kuthibitisha ni kazi ya watu wengine na wamesomea.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walichapisha utafiti uliokadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakitumiwa katika ngono ya kulipwa. Watu waliishika takwimu hiyo wakaisahau ya pili, ya wanunuzi. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Wakenya, asilimia 38, na ndipo wakafuata Waitaliano, Wajerumani na Waswisi. Nalirudia hili kila mkutano wa chifu ninaopewa nafasi ya kusema. Hata leo ukitaja ulanguzi wa watoto, watu wanaanza kumtafuta mzungu mzee ufukweni, huku dereva wa masafa, mwenye duka na jamaa wa ukoo wakipita bila kuangaliwa.

Sasa simu yenyewe. 116 haikati salio na iko wazi saa 24. Huku Kenya inaendeshwa na Childline Kenya kwa kushirikiana na Idara ya Huduma za Watoto ya serikali. (Walio Tanzania na Uganda, nambari ni hiyo hiyo 116, ila waendeshaji ni wengine.) Dada aliyenipokea aliuliza kwanza kama mtoto yuko katika hatari saa hiyo hiyo, kisha akauliza kama mimi mwenyewe niko mahali ninapoweza kuzungumza bila kusikiwa. Halafu tukaenda polepole: mahali, umri ninaoukisia, nani huwa naye, saa gani huonekana. Kila nilipotaja jambo aliniuliza, "Hilo uliliona mwenyewe, mama, au uliambiwa?" Aliandika vyote viwili, lakini hakuvichanganya. Baadaye, nilipoona mambo yanavyokwenda mahakamani, ndipo nilipojua thamani ya swali lile.

Aliniagiza pia mambo ya kutofanya, na haya nayaandika kwa msisitizo kwa kina mama wenzangu wenye moyo wa haraka. Usimchukue mtoto kwa nguvu zako. Usimhoji. Usimwonyeshe mlanguzi kwamba umemshuku, wala usiwaambie vijana wa bodaboda wakaenda kumzingira. Akishtuka, mtoto anapandishwa basi la usiku, na asubuhi yuko mji mwingine kwa jina jingine. Kama kuna picha au ujumbe kwenye simu, usifute na usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia njema ya kuonya, kwa sababu kuisambaza picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa na ni kumdhulumu mara ya pili. Nilitakiwa niendelee kuuza mahamri yangu kama kawaida na nipokee simu ikilia. Ililia, na aliyenipigia alijua tayari nilichosema, sikuanza upya. Kwa sehemu hii natoa nyota tano bila kusita.

Kutoka hapo kesi ikaingia mikononi mwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Huyu ndiye nguzo. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu mtoto wa namna hii kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na afisa wa watoto ndiye anayepeleka ombi mahakamani ili mtoto awekwe mahali salama. Ndiye pia anayeandika ripoti ya hali ya familia na kujua ni lini, na kwa nani, mtoto anaweza kurudi. Tatizo ni kwamba huyo huyo ana kesi za matunzo dhidi ya baba waliotoroka, watoto waliotupwa na ndoa za utotoni, katika eneo linaloanzia ufukweni mpaka vijiji vya bara ambako bodaboda inagoma mvua ikinyesha. Alikuja na askari wa kike aliyevaa kiraia, bila gari lenye maandishi na bila kelele. Walimtoa mtoto na mwanamke yule akakamatwa. Sehemu hiyo ilifanywa vizuri mno, na pengine ndiyo maana iliyofuata iliniuma zaidi.

Kituoni, askari wa kaunta aliuliza kwa sauti, mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa, "Huyu amefanya nini?" Akaanza kuandika kana kwamba yeye ndiye mshukiwa. Mtu kwenye benchi akacheka. Nilimtazama mtoto akijikunja ndani ya leso niliyompa hadi uso ukapotea. Afisa wa watoto hakupandisha sauti. Aliomba dawati la jinsia, la polisi wanaoshughulikia kesi za dhuluma za kingono na kijinsia, na aliyekuja kutoka huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitupeleka chumba cha ndani, akafunga mlango, akavuta kiti akaketi usawa mmoja na mtoto, akamwambia, "Mwanangu, hapa hakuna kosa ulilofanya." Jengo lilikuwa moja na sare zilikuwa zile zile. Mtoto akipokewa na wa kwanza anafunga mdomo. Akipokewa na wa pili anasema. Haifai jambo zito kama hili litegemee nani yuko zamu.

Na sheria iko wazi kuliko kaunta ile. Chini ya Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Watu ya 2010, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea mtoto kwa lengo la kumtumia kingono ni ulanguzi hata kama hakutekwa, hakudanganywa na hakupigwa. Kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi. Si lazima mpaka uvukwe. Kutoka kijiji cha bara hadi mji wa ufukweni kunatosha. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo ina vifungu vyake kuhusu ulanguzi wa watoto kwa ngono, utalii wa ngono na ukahaba wa watoto. Idara ya upelelezi, DCI, ina kitengo maalumu cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kuwalinda watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa. Naandika haya kwa sababu nimesikia watu wazima, tena wa ofisini, wakisema mtoto wa namna hii ni "malaya mdogo". Katika sheria yetu mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na aliyeuzwa ndiye aliyekosewa.

Hospitali. Hapa saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio, na mapema zaidi ni bora. Ndiyo maana daktari hafai kungoja polisi amalize karatasi zake, wala polisi hafai kumkatalia mtoto kwenda hospitali mpaka apewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Matibabu kwanza. Kuna fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, inayojazwa na mhudumu wa afya katika nakala tatu, ya polisi, ya manusura na ya hospitali, na kuna P3, fomu ya ushahidi wa kitabibu inayotoka polisi. Matibabu ya manusura wa dhuluma za kingono katika hospitali za umma yanapaswa kuwa bila malipo. Muuguzi aliyetuhudumia aliyajua haya yote kwa moyo. Alimweleza mtoto kila hatua kabla ya kumgusa, akamwambia anaweza kusema "ngoja" wakati wowote, na mtoto alisema, naye akangoja. Lakini kabla ya kumfikia tulikaa foleni ya kawaida, na karani wa mapokezi akauliza ugonjwa gani huku watu wakisikiliza.

Kutoka mapokezi mtoto alisimulia tena. Na hapa nataka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jambo langu lote. Alikuwa ameshasimulia kwa afisa wa watoto, kisha kwenye kaunta, kisha dawati la jinsia. Akasimulia kwa karani, kwa muuguzi, kwa daktari. Baadaye kwa mshauri nasaha wa makao, kwa mpelelezi aliyepewa faili, kwa mpelelezi mwingine yule wa kwanza alipohamishwa, kwa kiongozi wa mashtaka, na mwisho mahakamani mbele ya wakili wa mshtakiwa. Kila aliyeuliza alikuwa na sababu yake nzuri, na hakuna aliyejua wangapi wameuliza kabla yake.

Watu wanadhani madhara ya kurudia ni uchungu tu. Uchungu upo, niliuona: mara ya kwanza alilia, mara zilizofuata alisimulia kama anayesoma orodha ya bidhaa, na hiyo ya pili ilinitisha zaidi. Lakini kuna madhara ya kisheria pia. Mtoto hahesabu siku kama sisi. Mara moja atasema ilikuwa jioni, mara nyingine usiku. Mara atataja chumba, mara atakisahau. Yote yanaandikwa, na kila ofisi inaandika kwa maneno yake. Kisha wakili anasimama na karatasi mbili na kumuuliza mtoto ipi ni ya uongo. Kwa hiyo ofisi zisizozungumza zinamuumiza mtoto, halafu zinamsaidia aliyemuuza.

Na jawabu linajulikana, halihitaji kubuniwa upya. Iceland wana nyumba inayoitwa Barnahus tangu 1998, ambapo mtoto hukaa mahali pamoja na ofisi ndizo zinazomfuata: mmoja aliyefunzwa anamhoji, wengine wanasikiliza kutoka chumba kingine na mahojiano yanarekodiwa. Mtu atasema hao ni matajiri. Haya, twende Rwanda: kituo cha Isange kilianza 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, kikiwaweka daktari, polisi na mshauri chini ya paa moja, na kikaenezwa katika hospitali nyingine nchini humo. Zanzibar wana vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali, kwa mtindo huo huo. Na hapa hapa kwetu, hospitali kuu ya Pwani iliyoko Mombasa ina kituo chake cha manusura wa dhuluma za kijinsia tangu 2007. Mtoto aliye Mombasa mjini ana bahati ya kuwa karibu nacho. Aliye katika mji wa pembeni, kama wetu, anategemea nauli ya mtu.

Nauli. Neno dogo, lakini siku ile ndilo lililoamua ratiba ya serikali nzima. Gari la ofisi halikuwa na mafuta, ofisi gani siitaji, na mtoto alisafirishwa kwa tuktuk iliyolipwa kwa M-Pesa kutoka mfukoni mwa afisa wa watoto mwenyewe. Sheria ya 2010 iliunda mfuko wa kitaifa wa kuwasaidia waathiriwa wa ulanguzi. Mfuko upo katika karatasi na katika bajeti. Mimi naupima kwa tuktuk ile. Pesa zisipoweza kufika siku hiyo hiyo mahali mtoto alipo, zinakuwa za makongamano.

Usiku wa kwanza nauwekea nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya mtu mmoja. Jua lilikuwa limezama na swali likawa mtoto analala wapi. Nyumbani kwao haiwezekani, maana aliyemtoa huko ni mtu anayejulikana na familia, na hujui bado nani alipokea pesa. Seli si mahali pa mtoto aliyedhulumiwa. Wodi ya hospitali ilijaa. Makao mengi ya watoto manusura huku Pwani yanaendeshwa na mashirika ya kijamii na ya kidini, yana vitanda vya kuhesabika, na kila moja lina masharti yake: hili halipokei waliozidi umri fulani, lile linataka amri ya mahakama kwanza, na mahakama imefungwa mpaka kesho. Afisa alikaa kwenye ngazi za hospitali akipiga simu moja baada ya nyingine. Mtoto alikuwa ameketi kando yake, anasikia kila "hapana". Hatimaye msimamizi wa makao mamoja akasema, "Mleteni, karatasi zitafuata." Mama yule simtaji, lakini Mungu anamjua. Kila kaunti ndogo ya Pwani inapaswa kuwa na kitanda kimoja kinachojulikana, chenye simu inayopokelewa usiku. Hata kimoja tu. Orodha ya makao yenye nafasi isiwe kichwani mwa afisa mmoja ambaye siku moja atahamishwa au atakuwa mgonjwa.

Mahakamani sikuruhusiwa kuingia alipokuwa akitoa ushahidi, na ndivyo inavyotakiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono inairuhusu mahakama kumtambua mtoto kuwa shahidi anayehitaji kinga, aweze kutoa ushahidi bila kumwona mshtakiwa, au kwa kupitia mtu wa kumsaidia kusema. Mambo haya yanasogea: Machi 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua huko Shanzu, Mombasa, mahakama ya kwanza nchini iliyotengwa kwa kesi za dhuluma za kingono na kijinsia. Kesi yetu ilikuwa kwingine. Iliahirishwa na kuahirishwa. Shahidi hakuja, faili haikuonekana, mpelelezi yuko kwenye mafunzo. Kila tarehe mtoto alitayarishwa, akaoga, akavaa, akasafiri na kungoja kwenye korido ile ile ambamo jamaa za mshtakiwa walikuwa wakingoja. Na jamaa hao walitumia muda huo. Walimfikia mama yake mzazi kijijini wakazungumza habari ya mbuzi na kumalizana kinyumbani. Lau kama mtu wa kijiji kile, mzee wa mtaa au mjitoleaji mwenzangu, hangekuwa ameunganishwa na afisa wa huku, tungejua jambo hilo siku ya hukumu. Aliunganishwa, akatupigia mapema, na mama akaelezwa kwamba kesi ni ya Jamhuri, si ya kumalizwa na wazee chini ya mwembe.

Simu ile kutoka kijijini ndiyo uratibu wenyewe. Hakukuwa na mfumo mkubwa wa kompyuta hapo. Kulikuwa na watu wawili wanaojuana kwa majina na wanaojua wanamlinda mtoto yupi. Wataalamu wana mwongozo wa kitaifa wa kuelekezana waathiriwa wa ulanguzi, wana mfumo wa kumbukumbu za watoto unaoitwa CPIMS, na vyote ni vizuri, lakini nimeona vinafanya kazi pale tu ambapo afisa wa watoto, wa dawati la jinsia, muuguzi, kiongozi wa mashtaka na mwalimu wamewahi kuketi meza moja. Kamati za ushauri kuhusu watoto zipo kisheria. Katika eneo ambalo kamati inakutana kila mwezi na kuzipitia kesi moja moja, bila majina ya watoto kusemwa ovyo, mambo yanakwenda. Inapokutana Novemba tu, mwezi wa shughuli za watoto, kwa fulana na maandamano, hayaendi. Ningekuwa na amri, kila mtoto angepewa mtu mmoja tangu saa ya kwanza, jina lake liandikwe juu ya faili, na ofisi yoyote inayotaka kumuuliza mtoto jambo imuulize mtu huyo kwanza. Maelezo yachukuliwe mara moja, na aliyefunzwa kuyachukua, wengine wote wayasome.

Baada ya hukumu ofisi nyingi hufunga faili, na hapo ndipo kazi ya mtoto inapoanza. Mshtakiwa alipatikana na hatia, ingawa kwa kosa dogo kuliko la ulanguzi lililostahili, jambo ambalo bado linaniudhi. Lakini mtoto alikuwa amepoteza muda wa masomo, kijijini wanafunzi wenzake walishasikia, na mama alikuwa bado na deni lile lile lililomfanya aamini ahadi ya "atasoma mjini na karo italipwa". Kumrudisha mtoto katika umaskini ule ule bila kitu ni kumwandalia shangazi mwingine. Afisa alipata shule ya bweni mbali kidogo, mwalimu mkuu aliambiwa yale tu yaliyohitajika, na mshauri nasaha akaendelea kumwona wakati wa likizo. Hili lilifanyika kwa sababu shirika moja lilikubali kulipa karo. Mwaka shirika hilo litakapokosa wafadhili, sijui ofisi gani ya serikali inayo jukumu hilo kwa jina, na nimeuliza.

Nimeulizwa na majirani kama ningepiga tena, baada ya yote hayo. Ndiyo, na nimepiga. Wanaoogopa naona wanaogopa vitu viwili. Kwanza, wanadhani watavutwa mahakamani. Mimi niliandika maelezo kwa sababu nilikubali; anayetoa habari 116 halazimishwi kusema jina lake, na ukitaka usijulikane, waambie tangu mwanzo wa mazungumzo. Pili, wanaogopa kumsingizia mtu. Ukisema ulichokiona na kusema usichokijua kuwa hukijui, hujamsingizia mtu. Umewapa wenye kazi mahali pa kuanzia. Kabla ya kupiga, kumbuka mahali kwa alama ambazo mgeni anaweza kuzifuata, saa mtoto anapoonekana, nguo, lugha anayoongea, na gari kama lipo. Kama unaona yuko hatarini dakika hiyo, sema hilo kwanza, kabla hata ya salamu. Kisha uliza jina la aliyekupokea au nambari ya kumbukumbu ya kesi na uiandike mahali, kwa sababu simu ya pili ukipiga nayo mkononi, hutaanza kusimulia upya, na wala mtoto hataanzishwa upya kwa sababu yako.